Kufundisha Kesi ya Mfalme Louis wa 16

Mwanachuo mmoja tuliyekuwa tukimkagua katika mazoezi ya kufundisha aliandika ubaoni kwamba Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliuawa tarehe 21 Januari 1793 kwa sababu alilisaliti taifa lake. Wanafunzi wakanakili, kengele ikalia, kipindi kikaisha. Tarehe ilikuwa sahihi, wala hatusemi kwamba mfalme yule hakuwa na hatia. Kasoro ni kwamba sentensi ile ilikuwa hukumu, nayo ilitolewa darasani kabla ya kesi kusikilizwa. Katika makala haya twapendekeza mwalimu aifundishe kesi yenyewe kwa vipindi viwili vinavyofuatana, na wanafunzi wapige kura kama wajumbe walivyopiga.

Kipindi cha kwanza ni cha ushahidi na hoja. Matukio yaelezwe kwa ufupi: Juni 1791 mfalme alitoroka Paris pamoja na mkewe na watoto wao, wakakamatwa Varennes; Aprili 1792 vita na Austria vikaanza; tarehe 10 Agosti watu wenye silaha wakaivamia ikulu ya Tuileries; na tarehe 21 Septemba baraza jipya la taifa, lililoitwa Konvensheni, likaufuta ufalme. Novemba likagunduliwa kabati la chuma lililofichwa katika ukuta wa Tuileries, na ndani yake barua za siri zilizoonyesha mawasiliano ya mfalme na wapinzani wa mapinduzi. Alipohojiwa mbele ya Konvensheni tarehe 11 Desemba, Louis alikana kulijua kabati hilo.

Hapa mwalimu asiharakishe. Katiba ya 1791 ilitamka kwamba nafsi ya mfalme haiguswi. Ilisema pia kwamba mfalme akiongoza jeshi dhidi ya taifa atahesabiwa kuwa amejiuzulu, na kwamba baada ya hapo angeweza kushtakiwa kama raia yeyote, kwa makosa atakayoyatenda tangu siku hiyo. Wakili wake, de Sèze, alijenga utetezi juu ya maneno hayo tarehe 26 Desemba. Ikiwa mshtakiwa ni mfalme, alisema, adhabu yake imekwisha kutajwa, nayo ni kupoteza kiti. Ikiwa ni raia, apewe haki za raia, yaani mahakama ambamo anayeshtaki siye anayehukumu.

Saint-Just, kijana wa miaka 25, alikuwa amekwisha kulipinga wazo lote la kesi tangu tarehe 13 Novemba. Kwake mfalme hakuwa raia hata kidogo. Alikuwa adui, na adui hupigwa vita. Robespierre akaongeza tarehe 3 Desemba kwamba kumshtaki Louis ni kukubali kwamba huenda hana hatia, na kama Louis hana hatia, basi wenye hatia ni waliomwangusha. Ni vema wanafunzi wajue kwamba Robespierre huyo huyo, Mei 1791, alikuwa ameliomba bunge lifute adhabu ya kifo.

Tumeona kwamba wanafunzi wengi huvutwa na hoja ya Saint-Just, labda kwa sababu ni fupi. Wasikatazwe. Waulizwe tu ni nani, baada ya mfalme, atakayeamua kwamba fulani ni adui asiyestahili kusikilizwa.

Kipindi cha pili ni cha kura. Maswali yaulizwe moja moja, kwa utaratibu uliofuatwa Januari 1793: Je, ana hatia? Je, hukumu ipelekwe kwa wananchi waithibitishe? Apewe adhabu gani? Je, adhabu iahirishwe? Kila mwanafunzi aje mbele, ataje kura yake na sababu yake. Tulipojaribu kwa kunyoosha mikono, mikono ilipanda kwa kuufuata mkono wa kiranja. Wajumbe pia walipiga kura hadharani, mmoja mmoja jukwaani, huku watu wakiwatazama; kura ya adhabu ilianza jioni ya tarehe 16 ikaendelea hadi jioni ya tarehe 17.

Baada ya darasa kumaliza, ndipo mwalimu aandike hesabu za Paris. Juu ya hatia, hakuna mjumbe hata mmoja aliyesema hana. Rufani kwa wananchi ilikataliwa. Juu ya adhabu, kati ya kura 721, kura 387 zilitaka kifo. Lakini 26 kati ya hao walitaka pia jambo la kuahirisha lijadiliwe. Wanafunzi watoe 26 katika 387, kisha watafute nusu ya 721. Hatujapata kuona darasa lisilonyamaza hapo. Kuahirisha nako kulikataliwa, kwa kura 380 dhidi ya 310.

Majina mawili yastahili kutajwa. Philippe Égalité, binamu wa mfalme, alitaka kifo. Thomas Paine, aliyeupinga ufalme katika maandishi yake na aliyepigania uhuru wa Marekani kwa kalamu, alitaka Louis afungwe hadi vita viishe, kisha ahamishwe.

Kazi ya nyumbani iwe ukurasa mmoja: ni neno gani la upande wa pili lililokaribia kuibadili kura yako, na kwa nini halikufaulu?

Habari moja mwalimu aifiche mpaka madaftari yamekusanywa, wasije wakaifanya kuwa jibu. Malesherbes, mzee aliyejitolea kumtetea mfalme, alikatwa kichwa Aprili 1794. Saint-Just na Robespierre waliuawa tarehe 28 Julai mwaka huo huo. Kwa kuwa walikwisha kutangazwa kuwa nje ya sheria, mahakama ilihakikisha tu kwamba hao ndio wenyewe, wakapelekwa bila kesi.