Naenda Kampala na kazi yangu, mama ananifungia sufuria

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Butembo, komini Vulamba. Tangu mwaka jana nafanya kazi kwa intaneti. Kampuni moja ya Ulaya inanitumia sauti za watu wanaoongea Kiswahili na Kifaransa, mimi nasikiliza, naandika, narudisha. Nalipwa kwa dola. Shida ni kwamba umeme unakatika nikiwa katikati, rezo inapotea, na nimekwisha kuchelewesha kazi hadi msimamizi wangu akaniandikia maneno makali. Baba mdogo anakaa Kampala na amekubali nikae kwake mwaka mzima. Nitapita Beni na Kasindi kwa gari.

Sasa mama. Alitukimbiza kutoka Oicha mwaka 2014, mdogo wangu wa mwisho akiwa mgongoni, ndiyo sababu tuko Butembo. Tangu nimwambie habari ya safari, kila jioni anaongeza kitu: sufuria, blanketi, unga wa fufu, makayabu, sabuni, viatu vya mvua. Tumefika masanduku mawili na gunia, na kompyuta yangu haina pa kukaa. Nikikataa analia, anasema nimeanza kujiona mzungu. Baba naye haamini kama hii ni kazi. Anasema mtu haendi nchi ya watu kujifungia chumbani na mashini. Shangazi, nibebe nini, niache nini, na mama nimwambie nini?

Mwenye Masanduku Mawili, Butembo

Mwanangu,

Tuanze na sufuria, maana ndiyo inayowaliza wote wawili. Mama yako anakufungia mzigo wa aina aliyoizoea. Kwetu huku watu wengi wamejifunza kusafiri kwa kukimbia. Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwezi wa Oktoba 2014, kuna nyumba ambazo furushi halifunguliwi kabisa: sufuria, blanketi, unga, chumvi, kadi ya uchaguzi ndani ya mfuko wa plastiki. Anayekimbia hubeba nyumba yake kwa sababu hajui kama atakuta nyumba. Wewe unakwenda kwa baba mdogo, kwenye jiko lenye sufuria zake na mama mdogo anayejua idadi yake. Kwa hiyo kila kitu kinachoingia begini kiulizwe swali moja tu: hiki kikikosekana, Jumatatu nitashindwa kufanya kazi? Kama jibu ni hapana, kibaki Vulamba.

Mama akibisha, mpeleke kwa wafanyabiashara wa Butembo, wale mama wanaokwenda Dubai na Guangzhou. Awaulize wanaondoka na nini. Pasipoti, dola, simu, daftari la bei, nguo za kubadilisha. Mali yenyewe hurudi kwa kontena kupitia Mombasa, Kampala na Kasindi. Hiyo sufuria anayokufungia huenda ilikwisha kupita Kampala kabla ya kufika soko la Butembo. Usiirudishe ilikotoka.

Sasa mashini yako. Kompyuta ikae katika begi la mgongoni, na begi hilo lisipande juu ya gari hata dereva akikuapia. Pamoja nayo weka chaja mbili, maana chaja hufa kabla ya kompyuta. Prizi zetu ni za vipini viwili vya mviringo, za Uganda ni za vipini vitatu bapa, kwa hiyo chaja yako haitaingia ukutani kwa baba mdogo. Adapta zinauzwa Butembo kwa bei ndogo. Nunua mbili kabla ya kuondoka, na multiprizi moja, ili adapta moja ihudumie simu, taa na kompyuta.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni klavie, yaani kibodi. Bila shaka umezoea ile ya Kifaransa, ya AZERTY. Kompyuta ikiharibika Kampala, utakayonunua au kuazima itakuwa ya Kiingereza: A na Q zimebadilishana nafasi, M imehama, na herufi zenye alama za Kifaransa hazionekani. Kwa mtu anayelipwa kwa kuandika, hiyo ni hasara ya wiki nzima. Klavie ndogo ya waya ya AZERTY ni nyepesi kuliko kiatu kimoja cha mvua. Ibebe. Vilevile spika za masikioni ziwe za waya, zinazofunika sikio lote, na ziwe jozi mbili. Zile zisizo na waya ni za kupendeza, lakini zinadai kuchajiwa, na wewe tayari unagombana na umeme.

Usidhani Kampala umeme haukatiki. Hukatika, na hata ukiwepo, nyumba nyingi huulipia kabla kwa mita; uniti zikiisha usiku, giza. Kwa hiyo tafuta betri ya akiba inayoweza kulisha kompyuta, si simu peke yake. Kazi uliyomaliza na ambayo hujaituma iwe kwenye flashi, na flashi usiiweke begi moja na kompyuta. Mwizi akichukua begi, asichukue na mshahara wa mwezi.

Intaneti nayo ina siku zake. Huku kwetu ilizimwa tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya karibu siku 20. Uganda iliizima Januari 2021, wakati wa uchaguzi wao pia, na tangu hapo Facebook imefungwa kule. Ukifika sajili laini za kampuni mbili kwa pasipoti yako, MTN na Airtel, ili moja ikilala nyingine isimame. Halafu mwandikie msimamizi wako kabla hujaondoka Butembo, mkubaliane nini kifanyike siku ukipotea hewani. Aliyekuandikia maneno makali alikasirishwa na ukimya zaidi ya kuchelewa. Mwambie pia saa zako zinabadilika. Ukivuka mto Lubiriha pale Kasindi, saa kumi ya Kongo ni saa kumi na moja ya Mpondwe. Mkutano wa saa tatu asubuhi ya Brussels, ambao wakati wa kiangazi cha Ulaya ulikuwa unaufanya Butembo saa tatu vilevile, Kampala utakuwa saa nne, na mwisho wa Oktoba, Ulaya wakirudisha saa zao nyuma, utakuwa saa tano. Andika hivyo kwenye karatasi, ubandike juu ya meza.

Laini yako ya Kongo usiitupe. Ndiyo inayopokea namba za siri za benki na za pesa za simu. Iweke kwenye simu ndogo ya batani, iongezee uniti mara kwa mara, maana laini isiyotumika kampuni huifuta, na siku hiyo pesa zako zitabaki upande wa pili wa mlango.

Kuhusu dola: Butembo unajua noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha hurudishwa. Kampala kuna sheria nyingine. Noti ya 100 hubadilishwa kwa bei nzuri kuliko noti za 5 au 10, na noti kuukuu hupunjwa. Beba mia safi, na chache ndogo za njiani.

Karatasi sasa. Kadi ya uchaguzi inayokutambulisha Butembo haitakusaidia Kampala, na jetoni, kile kibali kidogo cha kuvuka mpaka, ni ya kwenda sokoni na kurudi. Kwa mwaka mzima unahitaji pasipoti. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, na Uganda haitutozi tena viza, lakini muhuri watakaokugongea una siku zake. Usome palepale dirishani, kabla hujampisha mtu wa nyuma. Kabla siku hazo hazijaisha, nenda ofisi ya uhamiaji Kampala, eleza kazi yako ilivyo na nani anayekulipa, uulize kibali gani kinakufaa. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kibali maalumu cha watu wa kazi za namna yako, ila kinadai mapato ambayo vijana wetu wengi hawajayafikia. Beba barua ya kampuni yako na risiti ya kompyuta, ili ofisa wa forodha asidhani unaingiza bidhaa. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, wahudumu wa afya wa mpaka ule hawachezi. Piga picha kila karatasi, mwachie baba nakala.

Nguo? Chache. Butembo iko juu na baridi yake ni ya kweli, Kampala kuna joto zaidi. Jaketi moja la garini linatosha. Chandarua usikiache, kwani mtoto wa milimani mbu wa Kampala humkaribisha vibaya. Miwani ya akiba kama unavaa. Na kitenge kimoja kikubwa: usiku shuka, mchana pazia, na siku ya mkutano wa video unakitundika nyuma yako, kinaficha kabati la baba mdogo.

Barabara sina haja ya kukufundisha. Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua ujenzi wake Juni 2021, kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, lakini lami haiondoi waasi wa msituni. Jioni ya kuamkia safari waulize madereva wa Beni, si jirani, kama njia ya Kasindi imelala salama. Ondoka asubuhi. Kwenye vizuizi simu ikae mfukoni, usipige picha ya kitu chochote.

Kuna mzigo mmoja hujautaja kwenye barua, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko mingine: mapatano na baba mdogo. Binti anayeshinda nyumbani huonekana hana kazi. Wiki ya kwanza utaachiwa mtoto kidogo, wiki ya pili utatumwa sokoni, ya tatu utakuwa unapika sombe huku sauti za watu zinakungoja masikioni. Mama mdogo hatakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyemwambia. Basi kabla ya safari mpigie baba mdogo simu, baba yako akiwa amekaa pale, mke wa baba mdogo naye akisikia. Sema saa zako za kazi, omba meza na mlango unaofungika, sema utachangia kiasi gani cha umeme na chakula kila mwezi. Kisha utaje kazi za nyumba utakazofanya, kwa sababu zipo na ni haki yao. Mambo hayo yakisemwa mbele ya wazee, hutalazimika kuyagombea jikoni.

Hapo hapo baba yako atapata jibu lake. Mfungulie malipo ya miezi iliyopita, asome mwenyewe tarehe na dola. Kisha mpe spika za masikioni, mchezee dakika moja ya sauti, mwambie aandike kila neno. Nadhani hatarudia habari ya kujifungia chumbani.

Mama je? Usimwambie vitu vyake havina maana. Mwambie: mama, safari hii sikimbii, ninakwenda na nitarudi. Mwachie achague kitu kimoja cha kuweka begini, chochote, na usikitoe ukifika Beni. Mfundishe kupokea simu ya video ya WhatsApp kabla hujaondoka, na mkubaliane siku na saa, kwa saa ya Butembo.

Na wewe mama, kama gazeti hili limefika Vulamba: mwache binti aende na begi moja. Fufu akiikosa, malori ya Kasindi hayaishi, utamtumia.