DAFTARI LA MVUA NA ALAMA YA BAMVUA
Somo kwa Wakulima wa Unguja na Pemba



Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Mvua za zamani zilikuwa nyingi," au, "Bahari yaingia bondeni kuliko zamani." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mtu hukumbuka mwaka wa njaa na mwaka wa gharika, na husahau miaka ya katikati. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua ni mali, nayo yataka daftari lake.

1. Kupima mvua

Twaa kopo la bati lenye kuta za wima, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja. Lifunge juu ya kigingi mahali pa wazi, mdomo wake usiinamie upande. Liwe mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake, kwa maana majani huzuia mvua. Kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula ambayo sifuri yake i kwenye ncha, soma milimita, andika, kisha mwaga maji. Usingoje jioni, kwani jua hukausha maji. Siku isiyo na mvua andika 0. Ukiacha mahali patupu, hutajua baadaye kama hapakunyesha au kama ulisahau.

2. Maana ya hesabu

Milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya kila mita ya mraba. Milimita 10 huipa eka moja lita 40,000 hivi, yaani madebe 2,000 ya lita 20. Lakini usitazame jumla ya mwezi peke yake. Milimita 100 zikinyesha kwa siku moja, maji mengi hukimbilia baharini pamoja na udongo wako. Zikigawanyika katika siku 10, mpunga hunywa. Kwa hiyo hesabu pia siku za mvua, na siku za ukavu baina yake. Wengi wamepoteza mbegu kwa kuamini mvua ya kwanza ya masika.

3. Alama ya bahari

Ikiwa bonde lako li karibu na mikoko, simamisha nguzo imara mahali maji ya bamvua yanapofika. Baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tia alama pale maji yalipokoma, na uandike tarehe na upepo. Linganisha bamvua na bamvua, Machi na Machi. Usilinganishe bamvua na maji mafu. Bamvua kubwa huja karibu na Machi na Septemba. Basi tengeneza tuta lako kabla ya miezi hiyo.

4. Chumvi ikiingia

Maji ya bahari yakipita tuta, usiharakishe kupanda. Ziba pengo, acha mvua ijaze bonde, kisha fungua mfereji bahari inapokupwa ili maji yatoke na chumvi, na uufunge kabla haijajaa. Rudia mara nyingi. Daftari litakuonyesha mvua iliyokwisha kuosha udongo. Wala usikate mikoko iliyo mbele ya bonde, maana huvunja nguvu ya mawimbi na kushika matope.

5. Subira

Katika bandari ya Unguja kipimo cha bahari kimeandika tangu mwaka 1984. Katika miaka ya kwanza kilionyesha maji yakishuka kidogo, baadaye yakapanda. Mtu aliyetazama miaka ile michache tu angalidhani bahari yarudi nyuma. Lakini duniani kwa jumla, kati ya 1901 na 2018, bahari ilipanda sentimita 20 hivi. Kwa jicho sentimita 20 ni kidogo. Kwa tuta la udongo lililo chini, ni tofauti ya bonde la mpunga na bonde la chumvi.

Basi anza kesho asubuhi. Andika kwa wino, mfundishe mwanao kusoma rula, na weka daftari mahali pakavu. Daftari la mwaka mmoja litakufaa kidogo. La miaka 10 litakuambia mahali pa kuinua tuta na wakati wa kumwaga mbegu. Na la miaka 30 litakuwa urithi kwa atakayelima baada yako.