Somo la 14: Maji Huenda, Chumvi Hubaki

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi maji yanavyogeuka kuwa mvuke. Katika somo hili utaona jinsi jambo hilo linavyoweza kuharibu shamba.

Ipole ni kijiji kilichoko kusini ya Tabora, mahali ambapo barabara ya kwenda Mpanda huachana na ile ya kwenda Mbeya. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita Tabora ikielekea Ujiji. Chumvi ya Uvinza ilikuwa miongoni mwa bidhaa za njia hiyo. Watu wa Uvinza walichota maji ya chemchemi za chumvi, wakayachemsha vyunguni. Maji yaligeuka kuwa mvuke, chumvi ikabaki. Shamba linalomwagiliwa huweza kuwa kama chungu hicho.

Jinsi chumvi inavyoongezeka

Maji ya mto na ya kisima yana chumvi, hata kama ulimi hauitambui. Tuseme kila lita ina nusu gramu. Ukimwagilia lita 1,000 katika mita moja ya mraba kwa msimu mmoja, umeweka gramu 500 za chumvi. Mimea na jua huondoa maji, lakini karibu chumvi yote hubaki.

Katika udongo unaopitisha maji vizuri, mvua za masika huisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Lakini mkulima akimwagilia kupita kiasi, na maji yakakosa pa kutokea, maji yaliyo chini ya ardhi hupanda. Yakikaribia juu, hupenya katika vinyweleo vya udongo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Jua huyakausha, na utando mweupe wa chumvi huonekana.

Mmea ulio katika udongo huo hushindwa kufyonza maji, ukanyauka ingawa udongo ni mbichi. Mkulima asiyejua sababu huongeza maji yaleyale, na maji ya chini huzidi kupanda.

Sodiamu

Sodiamu ina madhara mengine. Huzitawanya chembe za udongo wa mfinyanzi, nazo huziba vinyweleo. Udongo huo ukilowa huteleza, ukikauka huwa mgumu kama tofali. Maji hutuama juu na mizizi hukosa hewa.

Mfano mmoja uko Arusha Chini, kusini ya mji wa Moshi, katika shamba la miwa la TPC. Mvua huko ni haba, na miwa imemwagiliwa tangu miaka ya 1930. Maji ya nchi ile hupita katika miamba ya volkano na kuchukua sodiamu. Katika sehemu za shamba hilo chumvi na sodiamu zimeudhuru udongo.

Kinga na tiba

1. Mwagilia kwa kadiri ya haja ya mimea.
2. Chimba mifereji ya kutoa maji, si ya kuleta maji tu.
3. Udongo wenye chumvi uoshwe kwa maji mengi yenye chumvi kidogo, baada ya kuchimba mifereji ya kuyatoa.
4. Udongo wenye sodiamu nyingi utiwe jasi kwanza, kisha uoshwe. Kalsiamu iliyo katika jasi huchukua nafasi ya sodiamu, na vinyweleo hufunguka. Jasi huchimbwa Makanya, wilaya ya Same.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Udongo ulioharibika huweza kuchukua miaka mingi kupona.

Jaribio

Vifaa: chupa mbili nyeupe, udongo wa mfinyanzi, maji ya mvua, magadi kidogo.

Tia kijiko kimoja cha udongo katika kila chupa, kisha maji ya mvua. Katika chupa ya pili ongeza magadi kiasi cha ncha ya kijiko. Magadi yana sodiamu. Tikisa chupa zote mbili, uziache mpaka kesho.

Maji ya chupa ipi yamebaki na tope? Chembe za udongo ziko wapi? Andika uliyoyaona katika daftari lako la sayansi.

Maswali

1. Kwa nini chumvi hubaki shambani maji yanapokauka?
2. Mimea imenyauka na udongo ni mbichi. Je, uongeze maji? Toa sababu.
3. Kwa nini udongo wenye sodiamu nyingi hautibiki kwa maji peke yake?
4. Chunguza bustani ya shule yenu. Maji yanayozidi hutokea wapi?