Somo kwa Wasafiri: Kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja

Somo letu safari hii latoka katika Zaburi ya 48, mistari ya 12 na 13. Fungueni Biblia mjisomee wenyewe. Mwenye zaburi awaalika watu wauzunguke mji wa Mungu, waangalie minara na kuta zake, wapate la kuwaeleza watoto watakaozaliwa. Kwa hiyo wenzetu wanaosema kwamba kwenda kutazama miji ni anasa isiyomfaa Mkristo, wajue kuwa jambo hilo limo hata katika zaburi tunazoimba. Lakini kutazama kuko kwa namna nyingi. Mtume Paulo alipokuwa Athene (Matendo 17) alitembea akaziangalia madhabahu za wenyeji, akasoma hata maandishi yaliyokuwa juu yake, ndipo akafungua kinywa.

Mji tunaotaka kuuzungumzia ni Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Toka hapa Tukuyu ni safari ndefu: basi mpaka Mbeya, kisha zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam, kisha boti kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu akitoa nauli yote hiyo, halafu akarudi na picha za kobe wa Changuu peke yake, fedha zake zimekwenda bure. (Kobe wenyewe ni wa ajabu, hatukatai.)

Sisi Waanglikana yafaa tuanzie Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa. Hukisiwa kwamba katika miaka ya 1860 watu kati ya 15,000 na 20,000 walipitishwa Unguja kila mwaka. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, baada ya kushurutishwa sana, na soko likafungwa. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Mhindi mfanyabiashara, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Jambo hilo husahauliwa mara nyingi, nasi twadhani halistahili kusahauliwa.

Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere wa UMCA, akisimamia kazi mwenyewe. Mkiingia, inueni macho mtazame dari. Ni kuba refu lililotengenezwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wengi walidhani litaanguka, na hadi leo limesimama. Mlango wa magharibi zipo nguzo zilizosimamishwa miguu juu; husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, na mafundi hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna ile. Zimeachwa hivyo hivyo. Mbele, sakafuni karibu na madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe. Mapokeo yasema hapo ndipo uliposimama mti ambapo watumwa walichapwa mbele ya wanunuzi, ili ijulikane nani mwenye nguvu. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere, aliyefariki mwaka 1882. Kando upo msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Mwili wake ulichukuliwa na Chuma na Susi na wenzao kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa utumwani mwaka 1861. Twaomba vijana wakisimama mbele ya msalaba ule walitaje na jina lake, wala si la Mzungu pekee.

Yatuhusu nini sisi wa Rungwe? Yatuhusu sana. Njia kuu ya watumwa waliotoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa ilikwenda Kilwa Kivinje, na toka Kilwa wakapakiwa majahazi kwenda Unguja. Mwaka 1887, pale Karonga, kuvuka Mto Songwe tu toka Kyela, watu wa Mlozi waliwaangamiza Wangonde katika wangwa wa Kambwe. Wangonde ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa damu. Vita vile havikwisha mpaka mwaka 1895. Yaani Mkunazini ilikuwa imefungwa miaka mingi, na huku ziwani watu bado wanakamatwa! Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Unguja na Pemba hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na huku Tanganyika ni mwaka 1922.

Karibu na kanisa wataonyeshwa vyumba vya chini, vyenye dari fupi na giza, katika jengo la Mtakatifu Monika. Wataambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Hapa wasafiri wetu wawe waangalifu. Wapo wanahistoria wasemao kwamba jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali. Basi mwulizeni mwenye kuwaongoza, kwa adabu, bila kubishana. Soko lilikuwapo, mateso yalikuwapo, mikataba na barua za wakati ule zipo. Hatuhitaji kuongeza chumvi. Anayetia chumvi kwenye habari ya kweli humpa msikilizaji sababu ya kutoamini hata ile iliyo kweli. Nje, katika shimo, kuna sanamu za watu watano wamefungwa minyororo, kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Minyororo yenyewe ni ya zamani kweli. Kaeni hapo kidogo, na wenye simu waziweke mfukoni.

Sasa tuseme lililo zito. Twaogopa kijana asije akarudi toka Mkunazini akamchukia jirani yake Mwislamu hapa sokoni Tukuyu. Hesabu ya dhambi ile ni ndefu. Waarabu walinunua, na Waswahili walipeleka misafara. Wafaransa walitaka watu kwa mashamba ya miwa ya visiwani kwao. Wahindi walikopesha mtaji. Na huku bara walikuwapo wakubwa wetu wenyewe waliotoa mateka kwa nguo na bunduki. Tena kanisa lenyewe lisijitoe. Mwaka 1864 Sultani alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotekwa katika jahazi. Walipewa, kama vitu vipewavyo. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, mtoto mwingine aliyeokolewa, akawekwa upadre mwaka 1890. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini je, nani aliwauliza wale watano kama walitaka kurudi kwa mama zao?

Baada ya Mkunazini, mji uliobaki utembelewe kwa miguu. Vichochoro vyake havikubali haraka. Angalieni milango iliyochorwa kwa nakshi. Forodhani kuna Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Oman mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Jirani ni Beit al-Ajaib ya Barghash, ya mwaka 1883; sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo ulizeni kwanza habari za ukarabati. Mwenye nafasi aende Mbweni, ambako misheni iliwapa waliokombolewa mahali pa kukaa, na ambako magofu ya shule ya wasichana yangalipo. Sisi tuliofundisha walimu twaongeza Kiungani, kwa kuwa toka chuo kile walitoka waalimu wa kwanza wa Kiafrika wa UMCA. Kiswahili tunachosahihisha madaftarini ni kile kile cha Unguja, alichokiandikia Steere kitabu cha sarufi mwaka 1870, na ambacho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua kuwa Kiswahili sanifu.

Kina mama wachukue khanga za kutosha, na vijana wasivae kaptula mitaani, maana wenyeji ni Waislamu na misikiti iko kila kona. Mwezi wa Ramadhani msile barabarani. Wakubwa waamkieni kwa shikamoo. Heshima hiyo inafahamika pwani kama inavyofahamika kwetu.

Kabla ya kuondoka, kila kikundi kisome Isaya 61 na Luka 4 mstari wa 16 hadi 21, kijadili: wafungwa wanaotajwa hapo ni akina nani katika tarafa yetu leo? Je, yuko mtoto anayetumikishwa nyumbani kwa mmoja wetu bila shule wala mshahara? Jibu lisemwe kwa sauti, hata likiuma. Kisha Waraka kwa Filemoni. Ni sura moja tu. Unaweza kusomwa kwenye boti, kama bahari imetulia.