Je, waya ghali wa umeme huboresha muziki?

SWALI: Msomaji wa Wanyange, karibu na Jinja, ameshauriwa dukani anunue waya ghali wa umeme kwa ajili ya amplifaya yake. Je, muziki utasikika vizuri zaidi?

JIBU: Hapana, ikiwa waya alionao ni mzima na unene wake unatosha.

Tangu bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, umeme wa Jinja husafiri kilomita nyingi kwenye nyaya za kawaida, hupita transfoma za mtaani, kisha nyaya za ukutani. Mita moja ya mwisho haiwezi kuusafisha. Tena muziki wenyewe haupiti humo: ndani ya amplifaya, transfoma hubadili zile volti 240, dayodi huugeuza umeme uende upande mmoja, na kapasita huutuliza.

Mvumo wa spika mara nyingi hutoka kwingine: soketi iliyolegea, waya wa ethi wenye hitilafu, au vifaa vilivyounganishwa lakini vimechomekwa kwenye soketi tofauti. Fundi umeme akague hayo kwanza. Umeme ukipanda na kushuka, stebilaiza itamfaa zaidi. Na pesa zikibaki, aziweke kwenye spika bora, ambazo tofauti yake husikika waziwazi.