Rubela, Ugonjwa Mwepesi Wenye Hatari Kubwa

Rubela ni ugonjwa ambao watu wengi hawauogopi. Mtoto hupata homa kidogo. Vipele vidogo hutoka usoni, halafu hushuka kifuani, mikononi na miguuni. Kwa mtu mweusi sana pengine havionekani vizuri. Ukipapasa nyuma ya masikio na nyuma ya shingo, utasikia tezi zimevimba. Baada ya siku tatu hivi vipele vimekwisha, na mtoto amerudi kucheza mpira. Mama yake asema: «Ilikuwa surua ndogo tu.»

Basi, kwa nini tujifunze ugonjwa mwepesi namna hii? Sikieni habari ya mganga mmoja.

Katika mwaka wa 1941, katika mji wa Sydney, nchi ya Australia, alikuwako mganga wa macho, jina lake Norman Gregg. Akina mama walimletea watoto wachanga ambao mboni za macho yao zilikuwa nyeupe kama maziwa. Leo mmoja, kesho mwingine. Gregg hakutosheka kutazama macho tu. Aliwauliza mama zao kama waliugua walipokuwa na mimba, akawauliza na waganga wenzake. Wakahesabu watoto 78 wa namna ile. Na mama 68 kati ya hao waliugua rubela, wengi wao mimba ikiwa bado changa! Wengi wa watoto hao walikuwa na moyo mgonjwa pia. Baadaye ikajulikana ya kama wengine ni viziwi. Waganga wa nchi nyingine hawakusadiki upesi, lakini Gregg alikuwa amesema kweli.

Mambo huwa hivi. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, vijidudu vya rubela huruka hewani. Mama mwenye mimba akivivuta, huingia katika damu yake, kisha humfikia mtoto tumboni. Katika miezi mitatu ya kwanza macho, masikio na moyo wa mtoto ndiyo kwanza yanaumbwa. Mmemwona mfinyanzi: akibonyeza chungu kibichi kwa kidole, alama haitoki tena.

Mtoto akizaliwa kipofu au kiziwi, wako watu wanaomsingizia bibi fulani uchawi, au kumlaumu mama mwenyewe. Ni uongo, tena ni ukatili. Pengine mama huyo hakuona hata kipele kimoja, kwani watu wengi huugua rubela bila kujua.

Hakuna dawa ya kuua vijidudu hivyo. Lakini iko chanjo, ambayo ilianza kutolewa mwaka wa 1969. Katika nchi nyingi hutiwa pamoja na chanjo ya surua katika sindano moja; jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka wa 2013, na Tanzania mwaka wa 2014. Mwanamke mwenye mimba hachomwi sindano hiyo. Yafaa aipate mbele, angali hana mimba.

Wavulana husema: «Hayo ni mambo ya wasichana.» Sivyo! Mvulana hazai, lakini aweza kuleta ugonjwa nyumbani na kumpa mama yake. Naye huanza kuambukiza karibu juma moja kabla ya vipele kutoka, wakati yeye mwenyewe hajijui. Ndiyo maana kumficha mgonjwa peke yake hakutoshi. Lazima watoto wote wachanjwe. Hata hivyo, mwenye vipele akae nyumbani juma moja, asimkaribie mama mwenye mimba, hata akiwa ni mwalimu wake. Apelekwe kwa mwuguzi, naye ataangalia kama ni rubela au ni surua yenyewe, ambayo ni kali zaidi.

Maulizo
1. Vipele vya rubela huanza wapi?
2. Gregg aliwauliza nini akina mama?
3. Kwa nini miezi mitatu ya kwanza ya mimba ina hatari kubwa?
4. Kwa nini wavulana nao huchanjwa?
5. Dada yako mkubwa ana mimba, nawe umetoka vipele. Utafanya nini?