SOMO LA BIOLOJIA: KWA NINI SAMAKI WA BWAWA LETU WALIBAKI WADOGO?



Mwaka jana tulipokausha bwawa letu la tilapia, wote mulikuwa pale na vikapu. Tulitumaini kuwapa watoto wa internati chakula cha siku nyingi. Tuliona samaki wengi sana, lakini karibu wote walikuwa kama kidole. Wengine walisema maji ni mabaya, wengine wakanong'ona mambo ya uchawi. Sisi wa kikundi cha biolojia tulifungua vitabu. Haya ndiyo tuliyopata.

1. Kosa lilikuwa letu

Tilapia yetu, Oreochromis niloticus, ndiye yule anayeishi pia katika mto Ruzizi. Jike anatunza mayai na watoto kinywani, na siku hizo karibu hali kitu, kwa hiyo hakui. Katika bwawa anaanza kuzaa akiwa bado mdogo, hata wa gramu 30 ao 50, na kisha majuma machache anazaa tena. Sisi tulitia madume na majike pamoja, tukaacha hivyo. Chakula kilibaki kile kile, lakini vinywa vikawa maelfu.

Hata wazee wetu walipata taabu hii. Mwisho wa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya 100 000. Kisha mengi yaliachwa, na samaki kubaki wadogo ilikuwa moja ya sababu.

2. Homoni ni nini?

Homoni ni kama barua inayotembea ndani ya damu. Ubongo unatuma barua kwa tezi ndogo chini yake, inayoitwa pituitari. Tezi hii inatuma barua nyingine kwa viungo vya uzazi, navyo vinatoa homoni za kiume ao za kike. Katika mwili wa jike kuna kimengenya kinachoitwa aromatase. Kazi yake ni kugeuza homoni ya kiume kuwa ya kike.

Kule pwani ya bahari, Mombasa na Zanzibar, kuna samaki anayeitwa chewa. Aina nyingi za chewa huanza maisha kama majike, na baadaye wakubwa wengine wanageuka madume. Aromatase inapopungua, homoni ya kiume inazidi, na kiungo cha mayai kinakuwa kiungo cha mbegu.

Tilapia hafanyi hivyo akiwa mkubwa. Lakini majuma ya kwanza kiungo chake cha uzazi hakijaamua bado. Mlango uko wazi kidogo, kisha unafungwa.

3. Wafugaji wanaingia kwa mlango huo

Wanachukua vifaranga waliotoka sasa tu kinywani mwa mama. Wanawapa chakula chenye homoni ya methyltestosterone, miligramu 60 kwa kilo moja ya chakula, siku 21 mpaka 28, kisha wanaacha. Kazi ikifanywa vizuri, zaidi ya 95 kwa mia wanakuwa madume. Hawapotezi nguvu kwa mayai, wanakua upesi.

Angalieni: urithi haukubadilika. Aliyezaliwa na XX anabaki XX, hata kama sasa anatoa mbegu za kiume. Akipanda jike wa kawaida, watoto wao karibu wote ni majike.

Kuna njia nyingine bila dawa. Mwaka 1960 mtaalamu Hickling, aliyefanya kazi Malacca kule Asia, alieleza kwamba madume wa tilapia waliotoka Zanzibar, wakipandana na majike wa Oreochromis mossambicus, wanazaa madume tu.

4. Na sisi tufanye nini?

Homoni ile si unga wa ugali. Anayeichanganya anahitaji glavu na kifuniko cha pua, mama mwenye mimba asiiguse, na mabaki hayatupwi mtoni, maana mito yetu yote inashuka ziwani, na watu wanachota maji yale. Kwa hiyo hatuitaki hapa shuleni.

Tuko na mikono na macho. Samaki akifika gramu 30 hivi, tumgeuze tumbo juu. Dume ana matundu mawili: la mavi, na moja la mkojo na mbegu. Jike ana matatu, maana tundu la mayai liko peke yake. Madume warudi bwawani, majike waende jikoni. Tutakosea wachache, ndiyo sababu tutatia pia kambale wachache wale vifaranga. Lakini kambale wawe wadogo kuliko tilapia, wasije wakala mali yote.

Mungu alimpa mtu kazi ya kutunza viumbe, na kutunza kunaanza kwa kujua. Jumamosi ya kuchagua samaki, tusiache watu watatu tu matopeni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jike wa tilapia anakua polepole kuliko dume?
2. Chewa na tilapia wanatofautiana namna gani?
3. Dume mwenye XX akipanda jike wa XX, kwa nini hatutegemei watoto madume?